Kufundisha Orodha ya Namba: Vipimo vya Mto Rufiji na Hifadhidata ya Vitu katika Lisp

Miongoni mwa maandalio ya masomo tunayoyakagua wakati wa mazoezi ya kufundisha, yale ya wastani hufanana mno. Mwalimu mwanafunzi huandika ubaoni namba tano au sita zilizotoka kichwani mwake, kisha huwaambia watoto wazijumlishe na kugawanya kwa idadi yake. Watoto hufanya hivyo, majibu husahihishwa, kengele hulia. Hatuna ugomvi na kujumlisha wala kugawanya. Ugomvi wetu ni kwamba namba zile hazikuwa namba za kitu chochote, na watoto hawakuulizwa swali lililo gumu kuliko yote katika somo hilo, nalo ni hili: orodha hii ilitungwa na nani, na imehifadhiwa namna gani?

Tunakusudia kulieleza swali hilo kwa kutumia vitu viwili vinavyoonekana kuwa mbali sana: mto Rufiji pale Mloka, na lugha ya kompyuta iitwayo Lisp pamoja na hifadhidata za vitu zilizojengwa juu yake. Mwanachuo asitishike. Somo lenyewe halihitaji kompyuta hata moja; linahitaji watoto, vipande vya karatasi na kopo la kupimia mvua. Lakini mwalimu anayefahamu jinsi watungaji wa programu walivyolazimika kufikiri juu ya orodha atawaelewa watoto wake vizuri zaidi, kwa kuwa makosa yao na ya watoto ni yale yale.

Namba za mto

Mloka ni kijiji cha wilaya ya Rufiji, kwenye barabara itokayo Kibiti kupitia Mkongo, karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Juu ya kijiji mto hupita katika korongo la Stiegler. Chini yake bonde hupanuka na kuendelea hadi delta. Eneo lote linalomwaga maji katika mto huu, kwa njia ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, lina ukubwa wa kilomita za mraba 177,000 hivi. Kwa hiyo maji yanayopita Mloka mwezi wa Aprili ni mvua iliyonyesha kwa watu wa mbali. Mtoto wa hapo aweza kuamka akaona mto umepanda ilhali kwao hakujadondoka tone wiki nzima, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kumfundisha kwamba jicho lake halitoshi, ipo haja ya namba na ya mtu mwingine aliyeko juu ya mto kuziandika.

Wakulima wa bonde hilo wamelijua jambo hili tangu zamani. Mafuriko ya masika yakisha kupungua wao hulima mlao katika udongo uliolowa, na wakati wa kulinda mazao huishi katika madungu, nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo. Furiko la kiasi huwa riziki. La kupita kiasi huwa msiba. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na watu wengi walihamishwa kutoka bondeni wakapelekwa katika vijiji vya sehemu za juu. Tangu hapo habari ya kimo cha maji imekuwa pia habari ya mahali pa kuishi.

Katika miaka yetu jambo limezidi uzito. Ujenzi wa bwawa la kufua umeme la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulianza korongoni mwaka 2019, na maji yalianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na pakazuka mabishano makubwa: ni kiasi gani cha maji hayo kilitokana na mvua, na ni kiasi gani kilitokana na kufunguliwa kwa milango ya bwawa? Hatukusudii kuyaamua mabishano hayo hapa. Twasema tu kwamba hayaamuliwi kwa sauti kubwa. Yanahitaji orodha mbili za namba, moja ya maji yaliyoingia bwawani na nyingine ya yaliyotoka, kila namba ikiwa na siku yake na saa yake, na mtu aweze kuamini kwamba hakuna namba iliyopotea, iliyorudiwa wala iliyobuniwa.

Orodha iliyoshikana mikono

Tuanze na watoto. Tuwaite saba mbele ya darasa na tumpe kila mmoja karatasi yenye namba moja, sentimita za kimo cha maji kwa siku moja. Mtoto ashike karatasi yake kwa mkono wa kushoto, na mkono wake wa kulia auweke begani mwa mtoto anayefuata. Mtoto wa mwisho hana wa kumshika; yeye afumbe ngumi. Orodha ni hiyo. Mwalimu hahitaji kuwajua wote saba. Akimjua wa kwanza amewajua wote, kwa sababu kila mmoja anamwonyesha mwenzake.

Hivyo ndivyo hasa orodha ilivyo ndani ya Lisp. Lugha hiyo ilibuniwa na John McCarthy kuanzia mwaka 1958 katika chuo cha MIT huko Marekani, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1960. Jina lenyewe limefupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya uchakataji wa orodha. Kila kiungo cha orodha ni kisanduku chenye vyumba viwili: chumba cha kwanza, kiitwacho car, kimeshika thamani, cha pili, kiitwacho cdr, kimeshika njia ya kwenda kwenye kisanduku kinachofuata. Majina hayo yasiyotamkika vizuri yalitokana na sehemu za kompyuta ya IBM 704 ya wakati ule, na watu wameyaacha hivyo hivyo hadi leo. Ngumi iliyofumbwa ya mtoto wa mwisho huitwa nil. Orodha yetu ikiandikwa kwa desturi ya lugha hiyo ni hivi: (420 420 431 455 510 630 602).

Sasa darasa lijaribu. Akija mtoto wa nane na kutaka kukaa mbele, anaweka tu mkono wake begani mwa aliyekuwa wa kwanza. Hakuna mwingine anayesogea. Akitaka kukaa nyuma, yampasa mtu apite safu nzima mpaka kwenye ngumi iliyofumbwa. Akitaka kuingia katikati, mikono miwili tu inabadilika. Watoto hufurahi sana hapa, na mwalimu asiwaharakishe, kwa maana wanajifunza jambo ambalo baadhi ya watu wazima wanaoandika programu hulisahau: kuifikia namba ya ishirini katika orodha ya namna hii ni safari, wala si kunyoosha kidole.

Kisha tuwaite watoto wawili zaidi, na wote wawili waweke mikono yao begani mwa mtoto wa tatu wa safu. Tumepata orodha mbili zenye mkia mmoja. Mtoto wa tano akibadilisha karatasi yake, orodha ipi imebadilika? Zote mbili. Tukumbuke jibu hilo, tutalihitaji tutakapofika kwenye kuhifadhi.

Makosa matatu

Tulipolitazama somo hili katika shule moja ya bondeni, mwalimu mwanafunzi alikuwa na daftari zuri la vipimo vya mvua, lililowekwa na watoto wenyewe. Alipofika kwenye wastani tuliona kosa ambalo tangu hapo tumelikuta mahali pengi. Siku za Jumamosi na Jumapili, ambapo hakuna aliyesoma kopo, zilikuwa zimeandikwa 0. Mtoto aliyeandika hakudanganya kwa makusudi. Aliona nafasi tupu, akaijaza kwa kile alichofundishwa kuwa ni alama ya utupu.

Lakini sifuri ni kipimo. Aliyeandika 0 anasema: nilikwenda, nikatazama, hapakuwa na maji. Asiyekwenda hana haki ya kusema hivyo. Tuchukue mfano mdogo wa kimo cha mto kwa siku tano, siku ya tatu ikiwa haikusomwa: mita 4.2, 4.2, hakuna, 5.1, 6.3. Jumla ya namba nne zilizopo ni 19.8. Tukigawanya kwa nne twapata 4.95, tukiihesabu siku ya tatu kuwa sifuri na kugawanya kwa tano twapata 3.96. Karibu mita nzima imepotea kwa sababu ya mtu mmoja kutokwenda mtoni. Anayepanga siku ya kupanda mlao, au siku ya kuhamisha gunia zake za mpunga, hawezi kusamehe mita nzima.

Lisp inalitenga jambo hili vizuri kuliko lugha nyingi. Nil si sifuri. Ukiiambia Lisp ijumlishe nil na 4.2 haikisii, wala haikupi jibu la uongo. Inasimama na kukuambia kwamba hapa hapana namba. Wanafunzi wa programu huudhika. Sisi twaona ni adabu njema, na twapenda watoto wafundishwe adabu hiyo: mahali pasiposomwa pachorwe mstari, na ajumlishaye aulizwe kwanza amehesabu siku ngapi.

Kosa la pili ni la mtoto nadhifu. Aliona 420 imeandikwa mara mbili, akaifuta moja akisema, “Mwalimu, hii tumeshaiandika.” Watoto wa namna hii tunawapenda, lakini hapa wanaharibu. Kama vipimo ni mita 4.2, 4.2, 4.2, 5.1 na 6.3, wastani ni 4.8. Akifuta zinazorudiwa hubaki 4.2, 5.1 na 6.3, na wastani unakuwa 5.2. Namba ni ile ile, lakini kusoma kulikuwa mara tatu, katika siku tatu. Alichofanya mtoto ni kuigeuza orodha kuwa seti, na katika seti kila memba huhesabiwa mara moja tu. Lisp ina zaidi ya swali moja la kuulizia usawa, na sababu ni hii hii: yapo maswali mawili tofauti, kama vitu viwili vina thamani sawa, na kama ni kitu kimoja. Mapacha wawili waliovaa sare sawa hawawi mtoto mmoja katika daftari la mahudhurio.

La tatu ni la walimu zaidi kuliko watoto, nalo ni kuandika vipimo kwa mita zenye nukta bila kufikiri. Kompyuta nyingi huziweka namba za nukta kwa kukadiria, 0.1 ikijumlishwa mara kumi kwa njia hiyo haitoi 1 kamili. Tukiandika sentimita nzima, 420 mahali pa 4.2, tatizo haliji. Lisp ina jambo la ziada ambalo mwalimu wa sehemu atalipenda. Ukiiambia igawanye 1264, jumla ya vipimo vitatu, kwa 3, haikimbilii nukta. Inajibu 1264/3, sehemu kamili, na inaendelea kuitumia hivyo katika hesabu zinazofuata. Yale tunayowafundisha darasa la tano, kwamba sehemu ni namba iliyo kamili katika haki yake, mashine hii inayakubali.

Kengele ikilia

Orodha ya watoto walioshikana mabega ni nzuri hadi kengele ilipolia. Wakishatawanyika, haipo tena. Ndivyo ilivyo hata kwa orodha iliyo katika kumbukumbu ya kompyuta: umeme ukikatika, nayo imekwisha. Kwa hiyo hapana budi iandikwe mahali pa kudumu. Hifadhidata nyingi hupanga mambo katika majedwali, kama rejesta. Hifadhidata ya vitu haifanyi hivyo. Hujaribu kuvitunza vitu vya programu kama vilivyo, pamoja na nafasi zake na uhusiano wake, ili mtungaji asilazimike kuvitafsiri kuwa mistari ya jedwali na kuvirudisha tena. Watumiaji wa Lisp wamekuwa na kadhaa: Statice ya kampuni ya Symbolics, mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha Elephant, na AllegroCache ya kampuni ya Franz.

Tuseme tunataka kukitunza kituo cha kupimia maji cha Mloka kama kitu kimoja. Tunakipa nafasi: jina, mahali, kimo cha alama ya sifuri ya nguzo yake, na vipimo. Hii nafasi ya mwisho ndiyo yenye matata, kwa sababu kinachokaa humo ni namba nyingi, wala si moja. Ziwekwe vipi?

Njia ya kwanza ni kuiweka orodha nzima ndani ya nafasi hiyo, kama mtu anayetia shanga zote katika mfuko mmoja. Ni rahisi, na kwa orodha fupi isiyobadilika haina ubaya. Lakini hifadhidata inapoandika nafasi hiyo huifunga orodha yote kama kifurushi kimoja. Hapo mambo mawili hutokea. Kwanza, ukiifungua, ukabadilisha namba moja ndani kwa siri, hifadhidata haina habari. Katika Elephant uliyopewa ni nakala tu, na badiliko lako hupotea mpaka uirudishe orodha nzima katika nafasi yake; katika AllegroCache yakupasa ukiambie chombo kwamba kitu hiki kimebadilika. Pili, zile orodha mbili za watoto zenye mkia mmoja, zikiwekwa katika nafasi mbili za Elephant, hutoka zikiwa na mikia miwili. Zimenakiliwa katika madaftari mawili, na anayesahihisha moja hajaisahihisha nyingine. Mwanachuo aliyewahi kuona rejesta ya mwalimu wa darasa ikitofautiana na ile ya ofisini analijua jambo hili bila kuambiwa.

Lipo na la tatu, ambalo ni hesabu tupu, na twashauri lifanywe na darasa. Mto ukisomwa asubuhi na jioni, mwaka wa siku 365 unatoa vipimo 730. Kama kila kipimo kipya kinalazimu orodha nzima iandikwe upya, siku ya kwanza tunaandika namba 1, kisha 2, kisha 3, hadi 730. Jumla yake ni 730 mara 731, kugawanya kwa 2, yaani namba 266,815 zimeandikwa ili kutunza 730. Watoto wakiambiwa wanakili daftari lote kila wanapoongeza mstari mmoja, watagoma, na watakuwa na haki.

Njia ya pili ni kukifanya kila kipimo kuwa kitu chenye utambulisho wake: tarehe, saa, sentimita, kituo chake, na pengine neno la msomaji, kama vile “maji yalikuwa na mawimbi” au “nguzo imeinama”. Kuongeza kipimo kipya sasa ni kuandika kitu kimoja, si 730. Kukisahihisha ni kukigusa hicho peke yake. Siku isiyosomwa haina kitu, au ina kitu kinachosema wazi kwamba haikusomwa na kwa nini. Gharama yake ni uzito: kila namba ndogo inabeba mzigo wa maelezo, na anayetaka kujumlisha mwaka mzima atavifungua vitu 730 kimoja kimoja. Tena vitu hivyo havina mpangilio vyenyewe. Ni sisi tunaotakiwa kutengeneza faharasa ya tarehe, kwa kuwa mkono wa kulia uliokuwa begani umeondolewa.

Njia ya tatu iko katikati. Kitu kimoja kwa kila mwezi, na ndani yake safu yenye nafasi zilizohesabiwa, 62 kwa mwezi wa siku 31. Safu si kama orodha ya visanduku. Ni kama trei ya mayai, ambayo shimo la kumi linajulikana lilipo bila kupita mashimo tisa. Nafasi ya kwanza ni tarehe mosi asubuhi, ya pili tarehe mosi jioni, na isiyosomwa inabaki na nil. Hata tukiandika mwezi mzima upya kwa kila kipimo, hesabu yetu kwa mwaka ni namba 22,587, zaidi kidogo ya moja ya kumi na mbili ya ile ya kwanza. Mwanachuo aihakikishe: miezi saba ya vipimo 62, minne ya 60, na Februari ya 56.

Tukiulizwa ipi ni bora, jibu letu hutegemea kama namba ina habari zake yenyewe. Vipimo vya mto, ambavyo mtu aweza kuulizwa mbele ya mkutano wa kijiji ni nani alisoma na saa ngapi, vinastahili njia ya pili, na uzito wake uvumiliwe. Vipimo vya joto vinavyosomwa na chombo chenyewe kila dakika, havina msomaji wala kisa, vinatoshwa na ya tatu. Njia ya kwanza tunaiachia mambo kama alama tano za majaribio ya mtoto mmoja. Wako wanaoshikilia kwamba kila kitu kiwe kitu, na wako wanaotaka kila kitu kiwe orodha. Wote wawili hawajawahi kutunza daftari la mto.

Kuna habari ambayo haikai katika namba yoyote, nayo ndiyo inayosahaulika upesi. Furiko likiing'oa nguzo ya kupimia na mpya ikasimikwa sentimita 30 juu zaidi, 420 ya leo si 420 ya jana. Namba zinafanana, lakini maji yamekuwa juu zaidi. Habari hiyo ni ya kituo, na ndiyo maana tulikipa nafasi ya kimo cha alama ya sifuri. Nguzo ikibadilika, kinaanzishwa kituo kipya kinachojua kwamba kimerithi cha zamani. Vivyo hivyo kwa bwawa. Vipimo vya chini ya korongo kabla ya Desemba 2022 na vile vya baadaye ni vya mto mmoja kwa jina, lakini baada ya hapo mto una bawabu. Kuvichanganya katika wastani mmoja ni kama kupata wastani wa alama za mtihani uliosimamiwa na usiosimamiwa.

Kulipanga somo

Watoto wasipelekwe mtoni kusoma nguzo. Mto Rufiji una mamba na viboko, nao hawajui kwamba hapo pana somo. Namba za mto mwalimu azitunge kwa mfano, na awaambie watoto kwamba ni za mfano. Namba za kweli watazipata katika kopo la mvua uwanjani. Kopo liwe na pande zilizonyooka, lichimbiwe kidogo lisianguke, na liwekwe mbali na miti na paa. Lisomwe saa tatu asubuhi kila siku, kwa rula, kwa milimita. Hapo hapo litazuka swali zuri: mvua iliyonyesha usiku wa kuamkia leo ni ya jana au ya leo? Lolote darasa litakaloamua liandikwe katika jalada la daftari, na lisibadilishwe katikati ya mwaka. Huo ni uamuzi wa kituo, si wa namba, na watoto wakilielewa hilo wamekwisha kuelewa nusu ya yote tuliyoyasema juu ya hifadhidata.

Vipindi vitatu vinatosha kuanza. Kipindi cha kushikana mabega kiende nje, kwa kuwa darasani hakuna nafasi. Kipindi cha pili ni cha makosa: mwalimu alete orodha mbili zilizoharibiwa, moja kwa sifuri za uongo na nyingine kwa kufutwa zinazorudiwa, na watoto wazigundue wenyewe kwa kukokotoa. Asiwaambie kosa liko wapi, hata wakimsihi. Katika cha tatu darasa ligawanywe makundi matatu, kila kundi litunze vipimo vile vile kwa njia moja: karatasi moja inayonakiliwa yote kila mara, kadi moja kwa kila kipimo, na ukurasa mmoja wenye mistari kwa kila mwezi. Mwalimu akishasoma vipimo kumi, atangaze kwamba kipimo cha nne kilisomwa vibaya na kisahihishwe. Kisha amwangushie chini kadi zote yule wa kundi la pili. Kelele zitakazofuata ni sehemu ya somo. Kundi hilo litagundua kwamba waliosahau kuandika tarehe katika kadi zao hawana tena orodha, wana takataka zenye namba.

Katika ile shule ya bondeni tuliyoitaja, daftari la mvua sasa lina safu ya nne, ya jina la aliyesoma. Likizo ya Juni tuliipata ina mistari mitupu kumi na minane, kisha siku tatu zenye mwandiko mwingine. Tulipouliza tuliambiwa ni bibi wa mtoto mmoja, anayeishi kando ya uwanja, aliyeona kopo limejaa na hakupenda liachwe hivyo. Mbele ya namba zake hakuandika milimita. Alichora kidole chake, na mistari miwili kuonyesha maji yalipofika. Darasa la sita lilikuwa limekwisha kupima kidole hicho kwa rula na kubishana kama kiandikwe ndani ya orodha au pembeni.